Kufundisha Uigizaji Si Pensheni ya Msanii Aliyefulia

Ukikatiza Mji Mkongwe jioni, kuanzia Darajani mpaka Forodhani, hukosi kuona vijana wawili watatu wamesimamisha simu wanarekodi klipu ya vichekesho. Vipaji vipo, tena vingi. Ila mwigizaji akinyamaza sekunde tano tu, kapotea. Mikono haijui iende wapi, macho yanatafuta kamera. Kila hisia lazima ipigiwe kelele.

Hapo ndipo anapohitajika mwalimu. Na hapo ndipo maneno ya mtandaoni yanapoanza: ooh, ukiona msanii anafundisha, ujue kafulia, hana tena dili.

Uongo mchana kweupe. Jibu ni Profesa Amandina Lihamba.

Huyu mama kafundisha sanaa za maonyesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa miaka mingi, kaandika tamthilia, kachukua udaktari wake Leeds, Uingereza. Ungedhani mtu wa vitabu hivyo uigizaji kausahau. Wapi! Mwaka 2001 ikaja filamu ya Maangamizi, ya Ron Mulvihill na Martin Mhando, yule ambaye baadaye aliliongoza tamasha la ZIFF hapo Unguja. Lihamba anacheza Samehe, mwanamke aliyelazwa hospitali ya wagonjwa wa akili, miaka kama 20 hajatamka neno. Huna mistari ya kujifichia, una uso na pumzi tu. Na hiyo ndiyo filamu ya kwanza Tanzania kuipeleka kugombea Oscar. Huyo ndiye kafulia?

Na darasa lake halikuishia chuoni. Mwaka 1996 yeye na Penina Muhando walianzisha Tuseme, wasichana wa sekondari wakawa wanaigiza yale yanayowakwamisha shuleni. Binti anayeogopa kusema mbele ya walimu, jukwaani anasema.

Sasa rudi Unguja. Mwaka 2021 Amil Shivji katoa Vuta N'Kuvute, kutoka riwaya ya Adam Shafi, na mwaka uliofuata ikabeba Tanit ya Dhahabu kule Carthage, Tunisia. Mwaka huohuo nayo ikapelekwa Oscar. Kwa hiyo mitaa ipo, hadithi zipo. Muziki nao una darasa lake, DCMA, tangu 2002, na vijana wanajifunza taarab humo.

Na uigizaji je? Yule bibi wa michezo ya redio, yule mzee anayecheza mkwe mkorofi kila tamthilia, sura unaijua, jina hulijui, huyo ndiye skuli yenyewe. Staa mara nyingi anajicheza mwenyewe. Huyu kashakuwa watu 20 tofauti, anaingia dakika mbili na humsahau.

Akifa, kila mtu atapost picha yake na kuandika "legend". Picha haifundishi mtu. Mlipeni afundishe akiwa hai: ukumbi wa skuli, Jumamosi mbili kwa mwezi, na pesa ya kueleweka, si soda na nauli.

Na wewe wa klipu, zoezi la bure hili hapa. Jirekodi dakika moja bila kusema neno. Mtu akiangalia mpaka mwisho, basi umeanza.

Mkongwe gani wa Unguja ungependa akufundishe? Dondosha jina lake hapo chini.