Uongo wa Picha si Mchezo

Ndugu katika imani, wapo wanaodai kuwa mashindano ya kugeuza picha kwa kompyuta ni mchezo wa kirafiki, kwani kila mshiriki anajua kuwa picha imebuniwa. Sisi twasema: picha husafiri, maelezo yake hubaki nyuma. Na mkono uliozoea kughushi kwa mzaha haukawii kughushi penye damu. Agosti 2006, Israel ikiishambulia Lebanon, picha ya Beirut ilibainika kuongezwa moshi; shirika la Reuters likaziondoa picha zote 920 za mpigaji huyo. Mabomu yalikuwa ya kweli, lakini moshi wa uongo ukawapa maadui hoja. Mtume (s.a.w.) ametuonya dhidi ya uongo hata wa kuchekesha watu. Tuwafunze vijana wetu: haki haihitaji kupambwa kwa batili. Wabillahi tawfiq.