Tusijenge Uwanja Mwingine wa Barafu, Tununue Masaa kwa Huu Tulio Nao

Kila video ya Ice Lions ikianza kusambaa, swali ni lile lile: Wakenya na barafu, wapi na wapi? Jameni. Uwanja wa barafu uko hapo Panari, Mombasa Road, tangu 2005. Kuna watu walizaliwa ukiwa tayari umefunguliwa na leo wana vitambulisho. Mshangao ungekuwa umetuisha.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni kwamba mchezo mzima unategemea hoteli moja. Barafu ya ndani haijitengenezi. Chini yake kuna mabomba yanayopitisha maji maalum yenye baridi kuliko barafu yenyewe, mashine hazizimwi hata usiku, na bili za stima za nchi hii mnazijua. Sasa mwenye hoteli akipiga hesabu siku moja aone ukumbi wa harusi unalipa zaidi, nani atamlaumu? Ni biashara yake. Lakini hiyo siku timu imeisha.

Na hii si timu ya kuchezewa. 2018 kampuni ya Tim Hortons iliwapeleka Toronto kwa sababu hapa nyumbani hawakuwa na mtu wa kucheza naye, wakacheza timu moja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. 2024 shirikisho la dunia, IIHF, likaipokea Kenya kama mwanachama mshiriki. Baadhi ya hawa vijana walianza na viatu vya magurudumu kwa lami, bana.

Kuna wale wanataka serikali ijenge uwanja mpya wa kimataifa, mita 60 kwa 30. Napinga kabisa. Kuna viwanja vya mpira tuliahidiwa 2013 na bado tunangoja. Huo wa barafu utayeyukia kwa makaratasi.

Badala yake, Wizara ya Michezo inunue masaa. Tuna mfuko wa michezo unaolishwa na ushuru wa kamari, yaani pesa za vijana wenyewe zikirudi kwa vijana. Waandike mkataba wa miaka mitano, asubuhi za katikati ya wiki, wakati wateja wengi wako kazini. Masaa mengine yawe ya Ice Lions, mengine ya shule za umma za Mukuru, South B na Embakasi. Hapo kuna watoi wanapita hilo jengo na matatu kila siku na hawajawahi kuingia. Viatu vya kuteleza viwe ndani ya mkataba, maana mzazi wa Mukuru hatavinunua. Hoteli nayo ikiwa na mapato ya uhakika, ina sababu ya kuacha mashine ziendelee kunguruma.

Najua mtaniuliza, mtoto hana dawati na wewe unampeleka barafu? Ni swali la haki, na dawati linunuliwe. Lakini sijagusa bajeti ya shule hapa. Na nchi iliyozozana juu ya wasafiri wa bure kule Olimpiki ya Rio 2016 isiniambie pesa za masaa machache ya asubuhi haziko.

Wizara, nambari ya hoteli iko mtandaoni. Pigeni.