Tamko kuhusu Kuhifadhi na Kushirikishana Maktaba Kongwe za Sampuli za Sauti

Sisi, watayarishaji wa muziki wa kielektroniki, mafundi wa studio na wahifadhi wa sauti, kupitia chama chetu, tunatoa tamko hili kwa umma, kwa mamlaka zinazosimamia hakimiliki na utamaduni, na kwa kampuni zinazomiliki maktaba za sampuli.

1. Mwaka 1979 mashine ya Fairlight CMI ilitoka Sydney, Australia, na mwanamuziki akaweza kuinasa sauti yoyote na kuipiga kwa vibao vya kinanda. E-mu SP-1200 ya mwaka 1987 ilibeba sekunde 10 tu za sauti kwa jumla. Ufinyu huo ulizaa ufundi: mtayarishaji aliizungusha santuri kwa kasi ya juu wakati wa kurekodi ili kubana nafasi, kisha akaishusha kasi ndani ya mashine. Ukwaru uliobaki katika ngoma ukawa alama ya hip-hop ya enzi ile. Maktaba ya sampuli, yaani mkusanyo wa sauti zilizonaswa hivyo, basi, ni ala ya muziki kama zilivyo udi na gambusi, na ina historia yake.

2. Sauti hizo zilitunzwa kwenye disketi. Disketi ya Akai S900, mashine ya mwaka 1986, imepangwa kwa utaratibu wake yenyewe, na kompyuta ya kawaida haiwezi kuifungua bila programu maalumu. Sony iliacha kuuza disketi mwaka 2011. Katika joto na unyevu wa pwani yetu, ukisogeza kibati cha disketi iliyokaa kabatini miaka mingi, huenda ukakuta madoa meupe ya ukungu juu ya utando mweusi. Disketi hiyo ikitiwa mashineni kabla ya kusafishwa, kisomeo huweza kuukwangua utando wa sumaku, na sauti ikapotea papo hapo.

3. Mkataba wa kimataifa wa biashara na haki miliki, TRIPS, unazipa rekodi za sauti ulinzi usiopungua miaka 50. Sampuli iliyorekodiwa mwaka 1986 italindwa angalau hadi mwisho wa mwaka 2036. Mwenye haki akiwa ameacha kuiuza, au kampuni yake imefungwa na mrithi hajulikani, sheria itaendelea kuilinda sauti ambayo disketi yake imekwisha kuoza.

4. Upo upande wa pili, nao hatuufichi. Mwaka 1969 bendi ya The Winstons ya Marekani ilirekodi "Amen, Brother", ambamo Gregory Coleman alipiga ngoma peke yake kwa sekunde zipatazo 6. Kipande hicho kimetumika katika maelfu ya nyimbo, na muziki wa jungle wa Uingereza umesimama juu yake. Coleman alifariki mwaka 2006 bila kulipwa mrabaha kwa matumizi hayo. Sauti yake ilihifadhika kwa kunakiliwa mikononi mwa watu. Haki yake haikuhifadhiwa na yeyote.

5. Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Kunakili kwa ajili ya kuhifadhi ni wajibu, na kusihesabiwe kuwa wizi. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2019 kuhusu hakimiliki limekwisha kuziruhusu taasisi za urithi wa utamaduni kunakili kazi zilizomo katika hifadhi zao ili zisipotee. Kushirikishana ni jambo jingine, na lina mipaka: maktaba ambayo bado inauzwa inunuliwe, ambayo mwenyewe anajulikana iombewe ruhusa, ambayo mwenyewe ametafutwa kwa dhati asipatikane, ifunguliwe kwa mafunzo na utafiti. Na sauti yoyote isitoke mkononi mwetu bila jina la aliyeipiga, pale jina hilo linapojulikana.

6. Kanuni hii inatubana na sisi wenyewe. Singeli ya Dar es Salaam imejengwa kwa vipande vilivyokatwa na kuongezwa kasi, vikiwemo vya taarab. Vipande hivyo vimelala katika kompyuta za studio za mitaani, na wapigaji wake wengi hawakuandikwa popote.

7. Kwa hayo, tumeazimia:

(a) kunakili kila disketi nzima kama ilivyo kabla ya kutumia sampuli yoyote iliyomo, na kuweka nakala mahali pasipopungua pawili;

(b) kuandika kwa kila sampuli jina la mpigaji, ala, mwaka na mashine iliyotumika, kadiri yanavyojulikana;

(c) kuondoa maktaba katika orodha yetu ndani ya siku 14 mwenye haki atakapojitokeza na kutaka hivyo.

8. Tunaziomba mamlaka zitambue maktaba za sampuli kuwa sehemu ya urithi wa sauti, na ziweke bayana ruhusa ya kuzinakili kwa hifadhi. Tunaziomba kampuni zilizoacha kuuza maktaba zao zitamke wazi nani anaruhusiwa kuzitumia na kwa masharti gani. Tunaziomba familia za mafundi waliotangulia zisitupe masanduku ya disketi kabla ya kutuita.

9. Kazi ya kunakili haitasubiri majibu. Ukungu hausubiri mwaka 2036, nasi hatuna ruhusa ya kuusubiri.

Limetolewa Dar es Salaam na Kamati Tendaji, kwa niaba ya wanachama wote.