Ada za Mawakili wa Tume: Haki Isiwe ya Mwenye Fedha

Serikali inapounda Tume ya Uchunguzi, huiunda kwa niaba ya wananchi. Tume si mahakama. Haimtii mtu hatiani wala haimpi mtu ushindi. Kazi yake ni kuutafuta ukweli ili Serikali ichukue hatua. Hata hivyo, mbele ya Tume jina la mtu laweza kuharibika na kazi yake ikapotea. Ndiyo maana mawakili huingia humo, na ndiyo maana suala la nani awalipe, na kiasi gani, si dogo.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Meli hiyo ilipakia watu wengi kupita kiasi ilichoruhusiwa kuchukua. Rais wa Zanzibar wa wakati huo, Dk. Ali Mohamed Shein, aliunda Tume kuchunguza msiba huo. Kabla mwaka haujatimia, tarehe 18 Julai, 2012, MV Skagit nayo ilizama karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam.

Tutazame ni akina nani wanaohusika na uchunguzi wa misiba ya namna hiyo. Yuko mwenye meli, awezaye kumlipa wakili kwa kila siku ya kikao. Yuko mjane wa Wete aliyepoteza mume na watoto, ambaye hata nauli ya kufika Unguja ni mzigo kwake. Yuko pia karani wa bandari, mtumishi wa umma kama wengi wanaosoma gazeti hili, anayeulizwa kwa nini aliiachia meli iondoke. Mshahara wake wa mwezi hautoshi kumweka wakili kwa wiki moja. Ikiwa kila mmoja ataachiwa ajitegemee, sauti itakayosikika ni ya mwenye meli peke yake.

Wapo wasemao kwamba dawa ni kuwaondoa mawakili kabisa. Zanzibar ilikwisha kuwa na Mahakama za Wananchi zisizoruhusu mawakili, nazo zilifutwa mwaka 1985. Sisi hatukubaliani na rai hiyo. Tajiri akikatazwa wakili hadharani, atamweka nyuma ya pazia amwandikie maelezo yake. Mnyonge hatakuwa na mtu mbele wala nyuma.

Lakini pia fedha za umma zisigeuzwe shamba la kuvunwa na mawakili. Nchini Uingereza, Tume ya Jaji Saville iliyochunguza mauaji ya Januari 30, 1972 katika mji wa Londonderry iliundwa mwaka 1998 na kutoa ripoti mwaka 2010. Iligharimu zaidi ya pauni milioni 190, na takriban nusu ya fedha hizo ziliishia kwa wanasheria. Hata nchi tajiri ililalamika. Wakili alipwaye kwa siku hana sababu ya kuona kikao kinakwisha.

Kwa hiyo tunashauri mambo manne. Kwanza, viwango vya ada vitangazwe kabla Tume haijaketi, wala visijadiliwe kazi ikiwa imekwisha. Pili, malipo yafuate kazi iliyofanywa, yawe na kikomo, na hati za madai zikaguliwe na Mrajis wa Mahakama Kuu. Tatu, wafiwa wenye maslahi ya namna moja wapewe wakili mmoja wa pamoja, na mtumishi wa umma anayetuhumiwa asaidiwe vivyo hivyo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya Zanzibar ya mwaka 2018 ni msingi mzuri wa kuanzia. Nne, viwango hivyo visiwe vya kudhalilisha, kwani ada duni huleta wakili asiyesoma majalada.

Chama cha Wanasheria Zanzibar kishirikishwe katika kupanga viwango hivyo, lakini kauli ya mwisho iwe ya Serikali, kwa kuwa ndiyo inayowajibika kwa walipa kodi.

Wazee walisema mnyonge hana haki. Mapinduzi ya mwaka 1964 yalifanywa ili msemo huo usiwe na nafasi tena Visiwani. Tume inayomsikiliza mwenye fedha tu itaurudisha kwa mlango wa nyuma. Viwango vipangwe sasa, bahari ikiwa shwari, kuliko kuvitafuta siku ya matanga.