Konje fupi ng'ambo ya mpaka: maporomoko kwanza, kimya mwisho



Kiangazi kinapoingia, wengi huandika barua ya kuomba konje. Wengine huenda kijijini kuona wazazi. Wengine, hasa vijana wenye motokari, husema: "Mwaka huu tunavuka Kasumbalesa, tunaenda kuona maporomoko ya Zambia." Ni wazo zuri, nami silikatazi. Mtu aliyeshinda mwaka mzima katika vumbi na makelele anastahili kuona maji. Lakini mtaniuliza: mambo ya matembezi yanaingia namna gani katika ukurasa wa usalama, mahali tunaposoma juu ya kofia, viatu na mikanda? Yanaingia kwa mlango wa usingizi.

Mimi nilikuwa shofere wa kamyo kubwa la mgodi. Safari ya kwanza niliyofanya na bibi yangu na watoto watatu ilikuwa ya siku tano. Toka Lubumbashi mpaka Livingstone ni zaidi ya kilometa 1000, lakini nilihesabu kilometa tu, sikuhesabu mwili. Tulitoka saa tisa za usiku. Mpakani tulikaa mpaka adhuhuri, kwa sababu Kasumbalesa ni msururu wa makamyo na karatasi. Usiku wote uliofuata niliendesha. Tulipofika kwenye maporomoko tulikaa saa moja na nusu, tukapiga picha, mtoto mdogo akatapika, tukaondoka. Kurudi ilikuwa vilevile. Tuliingia nyumbani siku ya yenga, saa sita za usiku.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa juu ya kamyo. Kama saa nne hivi, nikiteremka na mzigo, macho yalifunga. Sijui kwa muda gani. Niliamshwa na honi ya mwenzangu aliyekuwa anapanda, na gurudumu langu la mbele lilikuwa limekwisha kupanda tuta la udongo ukingoni mwa njia. Ng'ambo ya tuta hakukuwa na kitu, ila shimo. Hakuna aliyekufa. Katika ripoti iliandikwa: shofere alisinzia. Ni kweli. Lakini hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi siku tano zilizopita, nami sikusema. Ajali ile ilianza Livingstone, haikuanza mgodini.

Ndiyo sababu ninatoa mawazo yangu hapa. Katika kambi zetu nasikia ubishi kila mwaka. Kijana anasema: nikienda Zambia bila kuona maporomoko nitarudi na nini? Mama anasema: mimi nataka mahali pa kukaa tu, nisikie ndege, nisipike kwa siku mbili. Wote wawili wana haki. Kosa letu ni kutaka kuviweka vyote katika siku chache bila utaratibu, au kufuata jina kubwa peke yake. Mimi nasema: chagueni kitu kimoja chenye jina na mahali pamoja pa kimya, basi. Na kile chenye jina kiwekwe mwanzo, mbali. Mahali pa kimya pawekwe mwisho, karibu na nyumbani.

Safari ya pili tulichukua siku nane. Siku ya kwanza tulivuka mpaka, tukapita Chingola, Kitwe na Ndola, tukalala Kabwe kabla ya giza. Siku ya pili tulifika Livingstone. Neno moja juu ya Kabwe. Mji huo ulikuwa na mgodi wa risasi na zinki tangu mwanzo wa karne ya 20, ukafungwa mwaka wa 1994, lakini risasi ilibaki katika udongo wa mitaa ya karibu, na damu ya watoto wengi wa kule imeonekana kuwa na risasi nyingi. Sisi watu wa migodi tunalijua vumbi. Ukilala pale usiku mmoja hakuna la kuogopa, lakini watoto wasicheze chini, na wanawe mikono kabla ya kula.

Maporomoko yenyewe sitaweza kuyaeleza vema. Upana wake unakaribia kilometa moja na nusu na robo, na maji huanguka zaidi ya mita 100. Wenyeji waliyaita Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma, muda mrefu kabla Livingstone hajayaona mwaka wa 1855. Ukienda mwezi wa nne, mto umejaa hata huoni kitu kwa ajili ya ule moshi, unaloa mpaka ndani ya viatu. Ukienda mwezi wa kumi au wa kumi na moja, upande wa Zambia unaweza kukuta mwamba mkavu tu. Kati ya mwezi wa sita na wa nane ni wakati mzuri. Ingia asubuhi mapema, kabla watu hawajawa wengi. Vaeni viatu vyenye meno, mawe ya pale yanateleza. Chakula kifichwe, maana nyani wa pale wamezoea watu, wananyang'anya hata mkononi mwa mtoto. Na yale mambo ya vijana ya kuogelea juu kabisa ya ukingo wakati maji yamepungua, mimi mwenye watoto siwezi kuyasifu.

Pale pale kuna kitu ambacho wengi wetu tunakipita bila kukitazama: lile daraja la chuma juu ya bonde, lililomalizika mwaka wa 1905. Njia ya reli iliyopita juu yake ndiyo iliyoendelea kaskazini mpaka ikafika Lubumbashi, iliyoitwa wakati ule Elisabethville, mwaka wa 1910. Shaba ya kwanza ya babu zetu ilitoka kwa njia hiyo kwenda baharini. Nilisimama na kijana wangu mkubwa nikamwonyesha. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama babu yake alilipita. Mchana, jua lilipokuwa kali, tuliingia katika jumba la makumbusho la Livingstone, ambalo ni la zamani kuliko yote ya Zambia. Humo mlikuwa baridi, na watu walikuwa wachache. Jioni hatukwenda mahali popote. Bibi yangu alisema ndiyo jioni iliyompendeza.

Sasa njia. Kwetu tunaendesha upande wa kuume, Zambia ni upande wa kushoto. Kila mtu anakumbuka hayo pale mpakani, kwa sababu anaogopa. Hatari inakuja siku ya pili au ya tatu, asubuhi, unapotoka mahali pa kununua mafuta na barabara ni tupu: mkono unarudi wenyewe katika desturi yake. Bibi yangu nilimpa kazi moja tu, kila tunapoondoka aseme "kushoto". Tulicheka, lakini mara mbili neno lake lilituokoa. Na watoto wafundishwe: kwetu, ukivuka barabara, gari la karibu linatoka kushoto kwako, kule linatoka kuume. Mkirudi nyumbani, fundisheni tena kinyume chake.

Usiku msiendeshe. Njia ile kati ya Kapiri Mposhi na Lusaka imejaa makamyo mazito, mengine yamevunjika katikati ya barabara bila taa, na onyo lake ni matawi ya miti tu.

Kurudi, hatukukimbilia nyumbani. Tulilala Kabwe tena, kisha Chingola tuliacha barabara ya mpaka, tukaenda upande wa magharibi, kwenye mahali panapoitwa Chimfunshi, karibu na mto Kafue. Ni makao ya sokwe, wale tunaowaita sokomutu, waliokuwa yatima. Yalianza mwaka wa 1983, wakati bwana na bibi Siddle, wenye shamba pale, walipopokea sokwe mtoto aliyekuwa mgonjwa, na huyo alitoka kwetu, Kongo, mikononi mwa wawindaji. Leo wako zaidi ya 100, ndani ya uzio mkubwa wenye miti. Tulilala pale usiku mbili. Hakuna duka, hakuna muziki. Siku ya kwanza watoto walilalamika. Siku ya pili walikaa wanatazama jike moja likimtafuta mwanawe chawa, hata nilisahau kuwaita kula. Mimi nililala mchana, jambo ambalo sikulifanya tangu harusi yangu.

Lakini msidhani kwamba kimya maana yake ni usalama. Kwenye maporomoko kuna uzio, kuna walinzi, na hospitali ya mji si mbali. Mahali pa kimya hakuna mtu wa kukuokota. Kwa hiyo mwachie ndugu mmoja nyumbani karatasi yenye jina la mahali mnapolala na siku ya kurudi. Chukua dawa za homa, bandeji, maji ya kunywa na chandarua, na uulize kwanza kama kuna nafasi ya kulala. Mwenye ugonjwa wa damu kupanda au wa sukari achukue dawa za siku zaidi ya zile za safari. Mtoni msioge: Kafue na Zambezi zina mamba na viboko, na katika maji yaliyotulia kuna bilarzia. Na mwenye kukohoa au mwenye mafua asiwakaribie sokwe. Mafua yanayokulaza wewe siku mbili yanaweza kumwua mnyama huyo.

Kuna rafiki yangu anayependelea ziwa Kashiba, upande wa Mpongwe. Ni ziwa dogo, maji yake ni ya buluu, na ukingo wake unaanguka ghafula katika kina kirefu sana. Walamba wa kule husimulia kwamba ndani yake kuna kiumbe kinachokamata kivuli cha mtu kikianguka juu ya maji, na mwenye kivuli hawezi kuondoka tena. Kama mtu wa usalama, sina ubao wa onyo unaofaa kuliko habari hiyo. Watoto waliosikia wanasimama mbali wenyewe.

Najua kuna atakayesema: wewe una siku nane, mimi nimepewa nne. Basi kwa siku nne uache Livingstone. Maporomoko hayaondoki. Vuka mpaka, nenda Chimfunshi au Kashiba, pita Ndola uone mahali ndege ya Dag Hammarskjöld, mkubwa wa Umoja wa Mataifa, ilipoanguka mwaka wa 1961 alipokuwa anakuja kwa ajili ya vita vya Katanga. Wazee wetu wanakumbuka usiku ule, na pale pana makumbusho na miti na utulivu. Kwa lugha usihangaike, Kibemba cha sokoni kwetu kinatosha kwa mengi. Kuwaambia wenzako "sikuona maporomoko" ni aibu ndogo. Mimi nimekwisha kuonja ile nyingine.

Siku ya nane tuliiweka ya nyumbani. Hilo ndilo nililobishana nalo zaidi, kwa sababu kutumia siku ya konje kwa kulala ndani ya nyumba yako ni kama kutupa franga. Tulifika siku iliyotangulia, saa tisa za mchana. Kesho yake nililala mpaka jua kali, bibi yangu akafua, watoto wakahadithia sokomutu kwa majirani. Nilipanda kamyo siku iliyofuata na macho yangu yote mawili.

Wanaotaka kuvuka mwaka huu wapite kwanza kwenye zahanati ya kambi na karatasi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo inahesabiwa tu baada ya siku 10, kwa hiyo kuichoma siku moja kabla ya safari hakufai. Aliyekwisha kuchanjwa asirudie: tangu mwaka wa 2016 karatasi hiyo ni ya maisha yote. Na mkirudi, mtu akipata homa hata baada ya majuma mawili au matatu, amwambie munganga kwamba alikuwa Zambia, na alilala wapi.