Idi ya Watoto na Bei ya Michezo

Siku tatu kabla ya Idi mjukuu wangu alinishika mkono akanivuta mpaka kwenye duka moja la Usita wa Mui, hapa Amu. Ana miaka saba. Mwaka huu alifunga nusu siku kwa siku kumi na mbili, nami nilikuwa nimemwahidi zawadi. Akanionyesha sanamu la plastiki, kimo chake hakizidi shubiri moja, la mmoja wa wale mashujaa wa sinema za Marekani: kifua kimetuna, uso umefunikwa, mikono inakunjika. Nikauliza bei.

"Elfu moja mia nne na hamsini, Ammi," akasema kijana wa dukani.

Nikamwomba arudie, akarudia. Alipouona uso wangu akatoa jingine chini ya meza. "Lipo na hili, mia mbili na hamsini. Lakini hili si lenyewe."

"Si lenyewe, Babu," mjukuu wangu akaitikia, kama shahidi aliyeletwa mbele ya kadhi.

Nikanunua lisilo lenyewe. Siku ya Idi mosi, kabla ya adhuhuri, mkono wake wa kulia ulikuwa umekwisha kung'oka. Baada ya laasiri nililiona ndani ya mtaro, linakokotwa na maji kuelekea baharini.

Nilipolileta jambo hili barazani, wenzangu walinena kwa sauti moja: zamani zetu hapakuwa na upuuzi huu, siku hizi vitu vya watoto vimepanda mno. Ni kweli vimepanda. Walakini, ndugu msomaji, sisi watu wa baraza tuna ada ya kulalamika kwanza na kuhesabu baadaye. Hebu mara hii tuanze na hesabu.

Mwaka 1977 ilitoka Marekani sinema iitwayo Star Wars, na mwaka uliofuata kampuni ya Kenner ikaanza kuuza visanamu vya watu wa sinema ile, kila kimoja kiasi cha dola 2. Wakati huo dola moja ilikuwa haifiki shilingi 8 za Kenya. Kwa hesabu hiyo kisanamu kile kilikuwa hakitimizi shilingi 16. Leo kisanamu cha kimo kile kile huuzwa huko huko Marekani zaidi ya dola 13. Na dola 2 za mwaka 1978, ukizipima kwa jinsi bei za vitu vyote zilivyopanda nchini mwao, ni kiasi cha dola 10. Yaani hata Mmarekani mwenyewe analipa zaidi ya alivyolipa baba yake, na ile ziada si ya plastiki, bali ni ya jina.

Sisi tuna mzigo wa pili. Dola ile ile sasa ni karibu shilingi 130, zaidi ya mara kumi na sita ya ilivyokuwa. Shilingi 16 za mwaka 1978 zimekuwa karibu 1,700, na hapo mwenye duka hajatia faida yake. Nilipofika hapa katika hesabu zangu ndipo nikashuku kwamba hata lile "lenyewe" la 1,450 nalo si lenyewe!

Kisha itazame safari yake. Sehemu kubwa ya vitu vya kuchezea duniani hutengenezwa Uchina. Sanduku likifika Mombasa lina ushuru wa forodha, ambao kwa bidhaa nyingi zilizokwisha kutengenezwa ni asilimia 25, na juu yake kodi ya thamani ya asilimia 16. Hupakiwa lori likapita Malindi, Garsen na Witu mpaka Mokowe. Pale hushushwa likatiwa chomboni kuvushwa, likapokewa na hamali, likabebwa kwa mkokoteni au punda mpaka dukani. Kila mkono uliolishika umekula halali yake. Tangu Mei 2021 tuna gati kubwa la meli papa hapa kwetu Lamu, lakini sanduku la kijana yule wa dukani lilipitia Mombasa kama masanduku ya babu yake. Basi tusimlaumu muuzaji.

Lakini insafu ni insafu. Mimi nilipokuwa na umri wa mjukuu wangu, mchezo wa shilingi 16 haukuwa wangu pia. Idi yetu ilikuwa ya thumuni. Ukipita nyumba za jamaa ukiwapa mkono wazee, ukipata thumuni mbili tatu ulikuwa tajiri, na utajiri huo uliishia kwenye halua na kashata. Mtaani kwetu gari la bati la kutia ufunguo lilikuwa moja tu, la mtoto ambaye baba yake alikuwa baharia wa meli kubwa. Tulikwenda kulitazama kama watu wanaozuru maonyesho, na hatukuruhusiwa kulishika. Leo mtoto wa hamali anaweza kuwa na gari la plastiki, bunduki ya maji na sanamu la mia mbili na hamsini. Kama ni wingi wa vitu, watoto wa leo ni matajiri kuliko sisi.

Basi kilichopotea ni nini?

Tulikuwa na ndara. Ndara ikikatika kamba na mama akichoka kuitia msumari, ilikuwa haki yetu. Tuliikata kwa kisu tukaipa omo na tezi. Mlingoti ulikuwa kijiti cha ufagio wa makuti, tanga lilikuwa kipande cha mfuko au cha kanzu kuukuu. Wakubwa wetu walichonga vidau vya mti mwepesi na vingalawa vyenye matengo yake pande mbili. Maji yakijaa tulishuka ufuoni baada ya chuo, wino wa ubao bado uko vidoleni, tukavishindanisha. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kwetu sisi yale maji ya magotini yalikuwa bahari nzima.

Na bahari ile ilifundisha bila kiboko. Chombo kikilala upande ulijua hukutia farumi, ukakitafutia kijiwe. Kikizunguka mahali pamoja ulijua shikio limekwenda kombo. Tanga likiwa kubwa kuliko chombo, upepo wa kusi ulikuonyesha kosa lako mbele ya wenzako. Tulijua foromali, demani na mkuku kabla ya kujua kusoma kwa herufi za kizungu. Dada zetu nao walishona wana wa vitambaa kwa mabaki ya leso, wakawakatia nguo na kuwasuka nywele za uzi, na wengi wa mafundi wa kushona wa mji huu walianza kwa sindano hiyo. Marehemu Ustadh Ahmed Sheikh Nabhany, mwana wa Amu, aliutunga utenzi wake wa Sambo ya Kiwandeo, uliochapishwa mwaka 1979, ili yahifadhike majina na maarifa ya chombo chetu. Sisi tulianza kuyasoma maarifa hayo kwenye ndara iliyokatika.

Najua yuko atakayesema kwamba michezo ni lahaw, inampotezea mtoto wakati wa chuo, na kwamba masanamu hayafai nyumbani. Suala la masanamu lina wenyewe, nawaachia masheikh wetu. Ama mchezo wenyewe una asili katika dini yetu. Imepokewa katika Sunan Abi Dawud kwamba Bibi Aisha, Mungu amuwiye radhi, alikuwa na wanasesere, na kati yao farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alipouliza habari za farasi huyo na kujibiwa, alicheka. Imepokewa tena na Bukhari na Muslim, kutoka kwa Bibi Rubayyi binti Muawwidh, kwamba masahaba walipowafungisha watoto wao siku ya Ashura waliwatengenezea michezo ya sufi, na mtoto akililia chakula alipewa mchezo ule mpaka wakati wa kufuturu.

Hadithi hii nimeisikia tangu chuoni, na kila mara nilizingatia saumu ya watoto. Mwaka huu, nikiwa na mtoto wangu mwenyewe wa kufunga nusu siku, niliizingatia sufi. Wale watu walitengeneza kwa mikono yao, kwa kitu kilichokuwamo nyumbani, na mtoto aliyekuwa na njaa akashughulika. Mzazi alitoa wakati wake.

Mimi je? Nilikuwa na mikono miwili na siku nzima ya Ramadhani, nikatoa noti.

Nikaona haya. Jumamosi baada ya Idi nikamwita mjukuu wangu uani, nikatafuta ndara kuukuu na kisu, nikamwambia leo tunaunda chombo. Ndugu msomaji, nakiri hapa mbele yako: omo niliichonga, mlingoti niliusimamisha, lakini foromali ilinishinda. Mimi niliyejua kazi hii nikiwa na miaka minane, na ambaye nimetaja foromali katika mashairi mara nyingi, sikukumbuka inafungwa wapi ili tanga lipate kugeuka. Ilinibidi nishuke pwani nikamuulize mvuvi mmoja, kijana wa kunizaa mimi. Alicheka, akaifunga mara moja.

Hapo ndipo nilipoiona bei yenyewe. Maarifa yaliyokuja kwa karne nyingi yaliponyoka katika kiganja kimoja, changu, kwa kutotumiwa miaka arubaini tu. Nilipotea njia huku nikiandika magazetini juu ya kuhifadhi utamaduni. Tukiwanunulia watoto kila kitu, mafundi wa Matondoni watawapata wapi wanafunzi wa kesho? Fundi hapatikani kwa tangazo la kazi.

Utaniambia: mjukuu wako hatakuwa fundi wa majahazi, atakuwa daktari au karani. Inshallah. Lakini daktari naye anahitaji kujua kwamba kitu kikiharibika kuna sababu, na sababu hutafutwa. Sanamu la plastiki mkono wake ukitoka haurudi. Linamfundisha mtoto somo moja tu, kwamba kibovu hutupwa na baba hutoa pesa tena. Nawajua akina baba waliokopa mwezi wa Ramadhani ili watoto wao wasionekane wanyonge siku ya Idi, na deni likabaki baada ya mchezo kuvunjika. Mtoto aliyejiundia chake haoni unyonge, kwa sababu wenzake watamuuliza alikiundaje.

Na tusisahau mtaro. Mwaka 2018, hapa hapa Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake waliteremsha chombo cha mita 9 kiitwacho Flipflopi, kilichoundwa kwa karibu tani 10 za plastiki iliyookotwa na kuvikwa vipande vya ndara 30,000 za kila rangi. Mapema mwaka 2019 kikasafiri mpaka Unguja, kiasi cha kilomita 500. Dunia ilistaajabu, na ilikuwa na haki. Sisi tuliokata ndara utotoni tulitabasamu, kwani tuliiona michezo yetu imekua ikawa chombo cha kweli. Lakini kila Idi tunaongeza plastiki nyingine majini, na safari hii nimeongeza mimi.

Silii zamani irudi. Wala sisemi mtoto asinunuliwe kitu kamwe. Moyo wa mtoto una haki yake, na duka nalo ni riziki ya mtu. Ninachotaka ni kidogo. Maulidi ya Amu yanajulikana kwa mashindano yake ya mashua na ya punda, na watu huja kutoka mbali kuyatazama. Basi mtoto wa chini ya miaka kumi na miwili naye apewe shindano lake la vidau, kwa heshima ile ile ya vyombo vikubwa. Sharti liwe moja: chombo kiundwe na mtoto mwenyewe akisaidiwa na mzee mmoja wa nyumbani, na kisiwe na kitu kilichonunuliwa. Waamuzi wawe mafundi wa Matondoni. Wasichana waingie wakitaka; upepo haumuulizi nahodha ni nani. Na vyuo vyetu vitoe laasiri moja kwa juma, sufi, leso na ndara vikatwe. Gharama yake haifiki bei ya sanamu moja lenyewe.

Chombo chetu tulikishusha majini jioni ile ile. Kililala mara ya kwanza. "Babu, hakina farumi?" mjukuu wangu akauliza, neno alilolisikia kwa mvuvi yule saa moja kabla. Akaenda mwenyewe kutafuta kijiwe. Mara ya pili kilikwenda hatua kumi, kikageuka, kikarudi na mawimbi. Mpaka leo hajaulizia tena lile sanamu, ingawa najua ataliulizia Idi ijayo, na huenda nikalinunua. Lakini atakuwa ameshika kisu kwanza.

Nafunga kwa beti moja, niliyoitunga nikimngoja pale ufuoni:

Mchezo wa kununua, ukivunjika ni basi,
Wa mkono wafungua, akili iwe nyepesi,
Mwana dau akijua, kufunga tanga na dasi,
Ukubwani atatua, bandarini kwa nafasi.

Wabillahi taufiki.