Kabla ya injini, breki kwanza jamani

Najua nimekuwa kimya. Kulikuwa na testi mbili na presentesheni moja, halafu kuna hili suala la gari ambalo limeninyima usingizi kuliko testi zote. Leo naliandika liishe, maana kila nikipita kantini mtu ananiuliza, "Vipi mwalimu, injini umeshanunua?"

Kwa wasiojua kisa: kaka yangu alihamishiwa Mbeya kikazi mwaka jana. Pale Tabata, uani kwa mama, aliacha Toyota Celica ya mwaka 2000, milango miwili, rangi ya bluu, imefunikwa turubai. Kabla hajaondoka ilikuwa inakula oili kama mgonjwa wa kisukari anavyokunywa maji, na asubuhi ikiwashwa jirani anafunga madirisha kwa moshi. Kaka akanipigia simu: "Ukiifufua, ni yako. Ukishindwa, tunaiuza vipande vipande."

Mimi, mtoto wa daladala, kupewa Celica! Usiku huo nilishajiona naingia getini Mlimani kioo kiko chini.

Hela niliyo nayo ni milioni moja na kidogo. Nyingine ni ya tuisheni niliyofundisha likizo, nyingine ni ya bumu niliyojibana. Msisahau lakini, mkopo wangu haulipi ada yote, kwa hiyo hela hiyohiyo ndiyo inayosubiriwa na watu wa ada. Hapo ndipo penye kesi.

Nikawaendea washkaji wa uhandisi, maana hao ndio tunaowaona wanajua. Wote wakaja na wimbo mmoja: usihangaike na injini ya zamani, weka 2ZZ! Niwaeleze wale ambao kama mimi miezi michache iliyopita walikuwa hawajui 2ZZ ni mnyama gani. Celica za toleo hili, lililotengenezwa kuanzia 1999 hadi 2006, zilikuja na injini za aina mbili. Ya kawaida ni 1ZZ-FE, ndiyo iliyomo kwenye gari letu. Ya wakubwa ni 2ZZ-GE, ambayo Toyota waliitengeneza kwa kushirikiana na Yamaha. Kule Japani ya kawaida ilitajwa kuwa na nguvu za farasi kama 145, ya wakubwa 190. Kuanzia 2004 hata Lotus wa Uingereza waliifunga hiyo 2ZZ kwenye Elise yao. Sasa mtu akikwambia hivyo huku anakuonyesha video, wewe utapona?

Nilikaribia kutoa advansi. Kilichoniokoa ni kuchukua karatasi na kalamu. Nasoma ualimu wa fizikia na hesabu, kwa hiyo nikajiambia wacha somo linisaidie angalau mara moja nje ya darasa.

Injini zote mbili zina ujazo uleule kasoro kijiko: sisi 1,794 kwa 1,796. Ile nguvu ya kusokota, ambayo mafundi wanaiita toki, ya kwetu inafika takriban Nm 171 na ya 2ZZ takriban 180. Tofauti ni kama asilimia tano! Hao farasi 45 wa ziada wanatoka wapi basi? Wanatoka kwenye kasi ya kuzunguka. Nguvu ni toki mara kasi ya mzunguko, na 2ZZ imetengenezwa ili izunguke sana. Ina kemu za pili zinazoamka karibu na mizunguko 6,000 kwa dakika, na inaendelea hadi kama 8,000. Chini ya hapo ni gari la kawaida tu.

Sasa niambieni ukweli wadau. Kutoka Tabata hadi Mlimani, na foleni ile ya asubuhi, ni wapi utafikisha mizunguko 6,000? Utakuwa umelipa mamilioni kwa ajili ya farasi wanaolala zizini mwaka mzima. Isitoshe, 2ZZ inakandamiza mchanganyiko wake zaidi, 11.5 kwa 1 wakati yetu ni 10 kwa 1, kwa hiyo inataka petroli nzuri zaidi. Na mimi nitakuwa najaza ya elfu kumi kumi.

Haya, hilo ni moja. La pili ni yale ambayo hawakwambii. Neno "kubadilisha injini" linadanganya, kwa sababu unasikia kitu kimoja kumbe ni orodha. Ukihama kutoka 1ZZ kwenda 2ZZ unahitaji kompyuta yake, maana ile ya zamani haijui habari za kemu za pili. Unahitaji waya zake, au fundi wa umeme anayeweza kuunga waya moja moja bila kubahatisha. Unahitaji kuangalia klachi, giaboksi, ekzosi na mfumo wa petroli. Vikikamilika vyote, namba ya injini iliyoandikwa kwenye kadi ya gari hailingani tena na iliyoko chini ya boneti. Lazima uende TRA kadi irekebishwe, na watu wa bima nao wajue. Usipofanya hivyo, siku trafiki akifungua boneti, au siku ya ajali, ndipo utajua kwamba karatasi nayo ni spea.

Kuna kaka mmoja wa hapa chuoni, simtaji, alianza kazi kama hiyo kwenye kigari chake kabla ya masika. Masika yakaja, yakaisha. Injini iliingia vizuri kabisa, siku mbili tu. Waya ndizo zilizomla. Zimekatwa, zimefungwa na utepe mweusi, fundi wa kwanza kahama, wa pili anasema hawezi kumalizia kazi ya mwenzake. Hela imekwisha na gari halijawaka. Yule siyo mjinga, tena kwenye hesabu ananishinda. Alianzia darasa la saba tu, badala ya la kwanza.

Kwenye ualimu tunafundishwa kitu ambacho wengi tunakikariri kwa ajili ya mtihani: somo litoke kwenye jambo linalojulikana kwenda lisilojulikana, kwenye rahisi kwenda gumu. Na hakuna andalio la somo lisilo na lengo mahususi. Nikajiuliza, lengo langu mahususi ni nini? Gari liwake na linifikishe, au nisifiwe kantini? Nikaona aibu kidogo kwa jibu lililonijia kwanza.

Basi nikaanza na tathmini. Nilimwita fundi mmoja mzee pale mtaani, tukapima kompresheni. Kama hujawahi kuona, ni kitu rahisi: mnatoa plagi, mnafunga kipimo kwenye tundu, mnapiga stata, mnasoma. Silinda tatu zilikaribiana. Ya nne ikabaki nyuma sana. Fundi akamwagia oili kidogo kwenye ile silinda mbovu, tukapima tena. Ikapanda. Akacheka, akaniambia, "Mwanangu, hapo ni ringi." Maana yake oili imeziba pale ringi zinapovujisha. Ingebaki palepale, tungetafuta ubovu kwenye vali au gasketi. Kipimo chote dakika arobaini, na nilijifunza kuliko wiki mbili za kuangalia video.

Ugonjwa wenyewe kumbe unajulikana. Injini za 1ZZ za miaka ya mwanzo zina sifa ya kula oili, kwa sababu matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni hayakutosha. Yakiziba, ringi zinaganda. Toyota walibadilisha pistoni baadaye. Hii inamhusu kila anayetaka kwenda Ilala kununua injini ya mtumba: ukichukua 1ZZ ya umri uleule umenunua ugonjwa uleule, tofauti ni kwamba sasa una risiti.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na mnaweza kunibishia: anayeanza asiongeze injini. Kama ya zamani imekufa kweli, aweke ya aina ileile, ila ya toleo la baadaye, lililorekebishwa. Uzuri wa 1ZZ ni kwamba imejaa mjini. Wish, Premio na Allion za 1.8, RAV4 za 1.8, humo zimo. Injini ya namna hiyo unaiamishia manifodi, sensa na flaiwili za gari lako mwenyewe, waya zako zinabaki zilivyo, kompyuta inabaki ileile. Likigoma kuwaka, unajua kosa liko kwenye vile ulivyogusa, si kwenye gari zima. Kadi utairekebisha bado, kwa kuwa namba ya injini inabadilika, lakini mengine yote yanabaki mepesi.

Wale wa uhandisi wananiambia, "Sasa hapo utajifunza nini?" Ninawaelewa, na nusu yake ni kweli: fundi huzaliwa na uchafu mikononi. Lakini kushusha injini na kuipandisha kwa cheni bloku, kuandika kila plagi ya waya ilikotoka, kubadilisha sili zote wakati injini iko nje, hayo yote yapo hata ukiweka ya aina ileile. Unachokosa ni yale mafumbo ya waya tu, na yale ni ya kidato cha sita. Na siku ukitaka kweli 2ZZ, subiri Celica nzima iliyopata ajali, uchukue injini, giaboksi, waya na kompyuta kwa pamoja. Asiyekuwa na gari zima la kuchinja ananunua kiungo kimoja kimoja, na kila kiungo kina bei yake na muuzaji wake.

Halafu kuna hili la breki, ambalo ndilo lililonipa kichwa cha habari. Hakuna hata mmoja kati ya waliokuwa wananishauri niongeze farasi aliyeniuliza hali ya breki. Gari limelala uani karibu mwaka. Diski zina kutu, tairi zimeanza kupasuka pembeni, shokapu moja inavuja. Fizikia inasema nishati anayobeba mwendo inakua kwa kipeo cha pili cha kasi. Ukitoka kilomita 100 kwa saa kwenda 120, kasi imeongezeka asilimia 20, lakini mzigo wanaobeba breki umeongezeka asilimia 44. Mimi nina leseni ya mwaka mmoja. Kunipa farasi 190 juu ya breki zile ni kumpa mtoto wa chekechea kemikali za maabara.

Juzi Jumamosi nikakaa na mama. Nilidhani atasema uza. Alisikiliza yote, mpaka hesabu za toki, masikini, huku akichambua mchele. Akaniuliza swali moja tu: "Ada umelipa?" Nikakaa kimya. Akaendelea kuchambua.

Jumatatu nimelipa ada. Kilichobaki hakinunui injini yoyote, si 1ZZ wala 2ZZ. Kinatosha breki pedi, mafuta ya breki, na kumlipa yule mzee anifundishe kuzifunga mwenyewe Jumamosi mbili. Tairi zitasubiri bumu. Injini itasubiri hela ya tuisheni ya likizo kubwa, na kama haitatosha, itasubiri nyingine. Turubai lipo, mvua haimpati mtu.

Nilimpigia kaka kumweleza. Nilijiandaa kwa hotuba ya dakika kumi. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mimi ningenunua ile kubwa." Nikamwambia najua, ndiyo maana lipo uani. Tukacheka wote.

Haya wadau, ni hayo tu kwa leo. Mwenye funguo namba 17 ya kupinda aniazime hadi Jumapili, naahidi itarudi ikiwa safi. Na mwenye nukuu za lekcha ya jana naye nisaidieni, maana nilikuwa Ilala nikiuliza bei za pedi. Alamsiki.